Elektrodi ya polianilini isiyochoka upesi

Betri ya zinki na polianilini (plastiki inayopitisha umeme) ina maji ndani, kwa hiyo hailipuki moto kama ya lithiamu. Shida yake ni polima, yaani hiyo polianilini yenye minyororo mirefu ya molekuli, kufa mapema. Polianilini hupitisha umeme ikiwa ya kijani, yaani ikiwa imebeba asidi. Myeyusho wa zinki salfeti uliomo ndani ya betri una asidi hafifu tu (pH ya 4 hadi 5), kwa hiyo asidi ya polima huchujuka, polima inageuka buluu na umeme unakata. Kwa hiyo tunaifungia asidi yake mwilini.

Hatua ya 1. Oka kitambaa kinene cha kaboni kwenye tanuri, 400°C, saa kadhaa. Kidondoshee maji: tone likikaa kama shanga, rudisha, likinyweka, tayari. Vijiti vya kaboni vya betri kuukuu za redio vimelowekwa nta. Nilihangaika navyo wiki nzima, usinifuate.

Hatua ya 2. Wauza vipuri wa Kisekka, hapa Kampala, wana asidi ya betri za gari. Ikiwa ni ya takriban 37%, sehemu moja kwa nne za maji safi ya maabara inakupa karibu moli 1 (kipimo cha wingi wa kemikali) kwa lita. Asidi ndiyo humiminwa kwenye maji. Ukigeuza, itakurukia usoni.

Hatua ya 3, ndiyo yenye siri. Kwenye mililita 100 za asidi hiyo weka anilini, malighafi ya polianilini, mililita 0.9 na asidi metaniliki, ndugu yake anilini, gramu 0.4. Metaniliki huingia kwenye mnyororo pamoja na kundi lake la salfoniki, yaani sehemu yake yenye asidi, na kundi hilo halichujuki. Usizidishe metaniliki: ikiwa peke yake haijengi polima ya maana. Anilini iliyogeuka kahawia itoneshe upya, yaani igeuze mvuke kisha uupoze uwe kioevu. Hupenya ngozi na ni sumu, vaa glavu.

Hatua ya 4. Ndani ya mchanganyiko huo, kitambaa kwenye chanya ya chanzo cha umeme, kijiti cha kaboni kwenye hasi, miliampia 1 kwa kila sentimita mraba, nusu saa. Suuza.

Hatua ya 5. Kipambanishe kitambaa na bamba la zinki ndani ya zinki salfeti ya moli 1 kwa lita. Chaji ikome volti 1.5, hata kama unaona bado inapokea.

Elektrodi hiyo ikibuluika, ichovye kwenye asidi hafifu. Kijani kikirudi, ilipungukiwa asidi tu. Kisiporudi, uliichaji kupita kiasi na mnyororo umekatika. Oka kitambaa kingine.