Kuchagua programu ya kuchunga mutoto ku intaneti: kwa bazazi ba Goma

Kama unatafuta programu ya kuangalia mutoto anafanya nini ku intaneti, usianze na Play Store. Anza na telefone yenyewe. Ni ya nani? Juu hapa kwetu Goma batoto bengi hawana telefone yabo, banakamataka ya mama wakati mama anapika, ao ya yaya akirudi ku iniversite, na karibu maprogramu yote ya kuchunga batoto ilitengenezwa na batu benye kufikiri kila mutoto iko na telefone yake mu mufuko. Usipoangalia ile tofauti utaweka kitu chenye kitafunga telefone yako wewe mwenyewe saa mbili ya usiku, na M-Pesa yako ndani.

Tuongelee kwanza ile telefone ya kuazimana. Hapo hauna lazima ya kulipa kitu. Mutoto wa miaka 4 ao 5 mwenye anataka paka katuni, mufungie mule mule: Android iko na kitu banaitaka mu Kifaransa épingler l'application, iko tangu Android 5 ya mwaka 2014, unaifungua mu parametre fasi ya sekirite, unachagua iombe kode kabla ya kutoka, kisha mutoto anabaki ndani ya ile video ao ule mchezo, akifinya kote kote hawezi kutoka mpaka wewe uingize kode yako. Hawezi kuandikia boss wako, hawezi kutuma feza. Kwa mukubwa kidogo, tafuta kama telefone inakubali mutumiaji wa pili, mu parametre wanaandika Utilisateurs multiples, atakuwa na upande wake bila WhatsApp yako. Shida ni kwamba modeli mingi za bei ya chini zenye tunanunuaka Birere haina ile kitu, baliitosha. Ikikosekana, kuko contrôle parental ndani ya Play Store yenyewe, unachagua umri, unaweka kode, halafu YouTube unaiweka mu mode restreint, yenye inaficha video zenye hazifae batoto, basi. Mi sioni sababu ya kuongeza programu ingine ku telefone yenye inalala ku kitanda yako kila usiku.

Mambo inabadilika mutoto akiwa na telefone yake. Hapo kuko swali moja lenye batu bengi banaliruka: unaogopa nini hasa? Kuko muzazi mwenye anaogopa usiku, mutoto anakesha mpaka saa nane na asubui ku masomo anasinzia. Mwingine anaogopa mavideo ya uchi. Mwingine anaogopa mutu mwenye hajulikani anaandikia binti yake "salut bébé" na kumuahidi feza. Hayo ni mambo tofauti na kila moja inashikwa na chombo yake, hata kama matangazo ya Facebook inakuambia programu moja inaona yote.

Kwa masaa, na kwa kujua nini iko mu telefone, ningeanza na Family Link ya Google. Ni ya bure, ilitoka mu 2017, na inakaa muzuri na Tecno, Itel, Infinix, Samsung, yaani telefone zenye tuko nazo. Unapanga saa ya kulala, unapanga mutoto acheze saa ngapi kwa siku, akitaka kutelesharje mchezo mupya inakuja notifikasio kwako na wewe unakubali ao unakatala, na unaona telefone iko fasi gani ku karte. Meseji haisomi. Batu bengi banaona ile ni upungufu, mi naona ni uzuri, tutarudia hapo. Kitu kingine chenye kinafaa sana hapa kwetu: ile masaa yenye ulipanga inabaki mu telefone ya mutoto hata kama mega imeisha, na kuko kode ya muzazi yenye unaweza kuingiza ku telefone yake ifunguke bila intaneti. Lakini kama unataka kubadilisha kitu kutoka mbali, telefone yake lazima iwe na mega. Usikasirike na programu kama imekataa, angalia kwanza kama forfe haijaisha.

Sasa kabla ya kuiweka, ile adresi ya Gmail yako ni nani alikufungulia? Kama ni ule kijana wa ku duka ya telefone, siku ulinunua, na neno la siri alilichagua yeye, basi badilisha leo leo, weka namba yako ya simu ya kuokolea kompte, juu mwenye ile Gmail njo mwenye kuongoza telefone ya mutoto wako, ataona hata fasi iko. Na mutoto anapata adresi yake, yenye tarehe ya kweli ya kuzaliwa. Usimuongezee miaka. Ukiandika alizaliwa 2000 Google itamuona mutu mukubwa na mambo ya mutoto haitafunguka vile inafaa.

Kwa mavideo ya uchi Family Link inasaidia, lakini kuchuja kwake masiti ni ndani ya Chrome, ile browser ya Google ya kufungulia masiti. Mutoto akiwa na browser ingine sawa Opera Mini mule ndani, ile kuchuja haifike. Kwa hiyo funga browser zingine zote, kisha ongeza kitu kingine chenye batu hawakijuake na hakilipishi: DNS ya familia. Yaani kila wakati telefone inataka kufungua siti, inauliza kwanza adresi ya ile siti iko wapi, na ile seva yenye inajibu inaweza kukataa kujibu kwa siti za uchi. Cloudflare walifungua yao ya familia mu 2020. Unaingia mu parametre, réseau et internet, unatafuta DNS privé, unachagua ile ya kuandika jina, unaandika family.cloudflare-dns.com bila nafasi, herufi zote ndogo, unasajili. Andika pole pole, ukikosea nukta moja tu mutoto anabaki bila intaneti kabisa na atakuja kulia kwako. Inaomba Android 9 ao zaidi. Haikule mega, haikule batri, na inatumika hata mutoto akibadilisha kadi SIM, kitu chenye hapa ni muhimu sana: batoto ba Goma benye nyumba iko karibu na mupaka bako na kadi ya Rwanda pembeni, wanashika reseau ya Gisenyi wakiwa ku kitanda. Ukitegemea kubloke kwa reseau moja, anaweka kadi ya pili na mambo inaisha. DNS iko ndani ya telefone, haijali kadi.

Kitu chenye kinaivunja ni VPN, yaani programu yenye inapitisha intaneti njia ingine ya kuruka vizuizi. Na VPN hapa si kitu cha mafundi, mwanzo wa 2025 wakati X na TikTok ilikuwa inakatala kufunguka mu Kongo batu bakubwa kwa batoto baliweka VPN, na mingi ingali mule mule mu telefone. Angalia lisiti ya maprogramu, ukiona VPN uitoshe na umuulize anaitumia nini, bila makelele, inawezekana aliiweka kwa kuangalia TikTok tu. Mu Family Link unaweza pia kuifunga asiitumie tena. Fikiria pia Xender na nduguze, zile programu za kutumiana vitu telefone kwa telefone: marafiki banapeana michezo kwa APK, yaani fichier ya programu yenyewe, bila kupita Play Store, kwa hiyo hakikisha kuweka programu kutoka kwa vyanzo visivyojulikana kumefungwa, mu Family Link kuko fasi ya ile.

Kuhusu batu bageni benye kuandika, hapa nakuambia wazi, usitafute programu. WhatsApp ilifunga meseji kwa ufunguo pande zote tangu 2016, hata WhatsApp wenyewe hawasome, kwa hiyo programu yenye inasema inasoma WhatsApp ya mutoto inaiba macho ku skrini, inachungulia notifikasio, na siku WhatsApp ikibadilika kidogo inakufa. Fanya hivi: keti na mutoto, fungueni WhatsApp pamoja, fasi ya confidentialité, mapicha ya profili waone paka contacts, na makundi, yaani nani anaweza kumuingiza mu grupu, weka mes contacts. Ile moja peke yake inazuia ile magrupu ya "kazi ya nyumbani, dola 50 kwa siku". TikTok iko na Family Pairing tangu 2020, unaunganisha kompte yako na ya mutoto kwa kupiga kode ya QR, unaona masaa, unafunga meseji. Ni ya bure pia, na bazazi bengi hapa hawajasikia habari yake. Angalia na umri, WhatsApp na TikTok zote mbili zinaomba angalau miaka 13, kama wako iko na 9 mazungumzo ni ingine kabisa.

Kuko maprogramu ya kizungu yenye inasoma maneno na kukupigia kengele ikiona neno mbaya. Bark ni maarufu, lakini inauzishwa Marekani, Australia na Afrika Kusini. Hata ingekuja hapa, maprogramu ya namna ile ilifundishwa zaidi ku Kiingereza. Batoto betu banaandikaka Kiswahili na Kifaransa na Lingala mu sentensi moja, na nusu ya maneno ni herufi mbili tatu. Itapiga kengele kwa "tuer" ya mu mchezo na itanyamaza kwa jambo lenyewe. Usilipe kwa ile.

Za kulipia zenye inafaa kufikiriwa: Qustodio, ya Barcelona, iko na version ya bure ya kifaa kimoja, jaribu ile kabla ya kutoa feza. Faida yake ni kama mutoto iko na telefone na kompyuta, unaona zote fasi moja. Lakini abonema inalipwa kwa mwaka, kwa dola, kwa kadi ya Visa ao Mastercard, na mwaka ukiisha inajilipa yenyewe usipoizima, kwa hiyo kama huna kadi yako, usiombe ya rafiki. Kaspersky Safe Kids watu wangali wanaitaja, lakini Google ilitoa programu za Kaspersky mu Play Store mu 2024, na sipendi kuambia muzazi aweke APK ya kutoka siti kwa telefone ya mutoto wakati tunamukataza mutoto afanye vile vile. Mwenye iPhone hana haja ya yote hii, Temps d'écran iko ndani tangu iOS 12 ya 2018, iwashe, uweke kode yenye si tarehe ya kuzaliwa ya mutu wa ile nyumba.

Halafu kuko zile za kujificha. Utaona tangazo: soma meseji zake, sikiliza, hatajua. Achana nayo. Sababu ya kwanza ni ya usalama tu: Play Store inakataa programu ya kuchunga yenye inajificha, lazima ionyeshe notifikasio, kwa hiyo ili uiweke wanakuambia uzime Play Protect, ule mulinzi wa Google wa kutafuta programu mbaya mu telefone, yaani uvunje mlango ili ulinde nyumba. Sababu ya pili, mapicha na meseji ya mutoto wako inaenda ku seva ya batu benye hauwajue. mSpy, moja ya zile kubwa, iliibiwa data mu 2015, mu 2018, na tena mu 2024. SpyFone, ingine ya namna ile, mu 2021 serikali ya Marekani ilikataza kabisa ile kampuni kufanya biashara ya kuchungulia. Na ya tatu, ile programu siku mutoto anaiona, na ataiona juu batri inaisha saa sita na telefone inapata moto mu mufuko, hatakuambia tena kitu. Sheria ya 2009 ya kulinda mutoto mu Kongo inamuita mutoto mpaka miaka 18, lakini wa miaka 16 hawezi kuchungwa sawa wa miaka 7.

Kwa hiyo mwambie. Kabla ya kuweka, si nyuma. Nimesikia mama mmoja wa Himbi akimuambia kijana wake hivi, na naona hakuna namna nzuri kupita: "Papa, hii telefone nimenunua mimi, usiku italala saa tatu, meseji zako sisomi, lakini mutu akikuomba picha unaniletea ile telefone vile iko, bila kufuta, na sitakupiga." Kijana alijadiliana akapata saa tatu na nusu siku ya Posho.

Ukishaweka, jaribu wewe mwenyewe kama mutoto. Kamata telefone yake, tafuta kitu kibaya, ona kama inafunguka. Acha skrini imezima usiku moja, asubui angalia kama ripoti ilikuja. Ku Tecno na Infinix mara mingi haikuji, juu zile telefone zinaua programu zenye hazitumike ili zichunge batri, ingia fasi ya batri, tafuta programu yako, uiruhusu itumike nyuma bila kuzimwa, na ufanye vile tena kila wakati telefone inapata mise à jour.

Na siku utataka kuuzisha ile telefone ao kuipatia mudogo, toa kwanza kompte ya mutoto kupitia Family Link, ndipo urudishe telefone kama mupya. Ukiirudisha bila kutoa kompte, Android inaweza kumuomba mununuzi neno la siri ya ile kompte ya zamani, na atakurudia ku mlango na telefone mu mukono akitaka feza yake.