Kuanza biashara ya mafuta ya nazi ukiwa na kazi, watoto na nyumba ya kutazama

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, Pemba, na ni mama. Mafuta ya nazi ninayouza nayapika mwenyewe nyumbani, na kazi sijaacha. Wenzangu wengi huniuliza: muda unaupata wapi? Jibu langu ni hili, na hatua zote hapa chini zimesimama juu yake: chagua biashara ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni kungoja. Inapongoja, wewe uko darasani, uko jikoni, au umelala.

Hatua ya 1: Iandike wiki yako kwa vipindi vya sala

Siku zetu zimegawanywa na adhana, basi tumia mgawo huo huo. Chukua daftari, chora mistari: alfajiri mpaka kutoka nyumbani, kutoka mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka alasiri, alasiri mpaka magharibi, magharibi mpaka isha, na baada ya isha. Kwa wiki moja andika ulichofanya kweli, si ulichotamani kufanya. Kama uliangalia simu tangu isha mpaka saa 5 usiku, iandike.

Aliyeajiriwa akirudi nyumbani alasiri, mara nyingi ataona nafasi mbili tu: pale watoto wanapokuwa chuoni, yaani madrasa, na baada ya isha. Zinatosha. Usiibe usingizi kabla ya alfajiri, maana kazi hii ina moto na mafuta yanayochemka, na mtu mwenye usingizi huungua.

Hatua ya 2: Pima biashara kwa saa za mikono

Kabla ya kununua hata nazi moja, jiulize maswali mawili. Mikono yangu itafanya kazi saa ngapi, na kitu chenyewe kitakaa peke yake saa ngapi? Na nikikatizwa katikati, mali inaharibika?

Maandazi ni biashara nzuri, lakini yanataka uamke kila siku na yauzike asubuhi ile ile. Mtoto akishikwa na homa usiku, unga umeshaumuka na hela imekwenda. Sabuni ya mche hungoja wiki 4 mpaka 6 ikauke sawasawa. Achari ya embe hungoja jua. Mafuta ya nazi hungoja usiku na mchana mmoja, kisha yakishaiva hukaa miezi bila ya jokofu. Nimeyachagua kwa sababu hiyo, na kwa sababu Pemba minazi ipo.

Hatua ya 3: Gawa kazi kwa siku tatu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanaposhindwa. Wanataka kumaliza kila kitu Jumamosi moja, wanachoka, na Jumamosi ya pili hawarudii.

Jumatatu alasiri, nazi. Nunua zilizokomaa, zenye kifuu cha rangi ya kahawia iliyokolea, na uzitikise usikie maji. Za kupikia mchuzi zinaweza kuwa changa kidogo. Za mafuta haziwezi. Kama sokoni kwenu kuna mashine ya kukuna, mpe mwenye mashine hela yake. Mbuzi ni mzuri kwa nazi mbili za wali, lakini nazi 15 kwenye mbuzi zitakula jioni yako yote. Hiyo hela ndogo ndiyo saa unayoinunua.

Baada ya isha, kamua. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi, rudia mara ya pili. Tui lote litie kwenye ndoo safi inayopitisha mwanga, funika, weka mahali pasipotikiswa. Kazi ya usiku huo imekwisha. Chicha wape kuku kesho.

Jumanne mchana huna la kufanya. Nenda kazini. Tui linajitenga lenyewe: juu utando mzito mweupe, chini maji. Ukitazama ubavuni mwa ndoo utauona mstari. Usipitishe siku moja nzima, kwa joto letu hili litachacha kupita kiasi na harufu haitoki tena.

Jumanne baada ya isha, chota ule utando wa juu kwa upawa, polepole, maji uyaache chini. Kila kijiko cha maji utakachochota utakilipa kwa moto. Tia kwenye sufuria nzito, moto mdogo, koroga. Mwanzo litatoa povu na kurukaruka. Hayo ni maji yanaondoka. Kisha utaona mafuta yanajitenga na makapi meupe yanageuka manjano, halafu hudhurungi. Sikiliza: ile sauti ya kupasuka ikinyamaza, maji yamekwisha. Epua hapo hapo. Ukingoja makapi yawe meusi, mafuta yatanuka moto na mteja wa nywele hayataki. Acha yapoe usiku kucha, yafunikwe kwa kitambaa.

Jumatano jioni, chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu kabisa. Tone la maji ndani ya chupa ndilo linaloleta ukungu na harufu. Alhamisi pumzika.

Hatua ya 4: Kaa kitako na watu wa nyumbani

Usianze kimyakimya ukitumaini watakuelewa. Mwambie mume au mke, mama mkwe kama mnaishi naye, na watoto wakubwa: Jumatatu na Jumanne baada ya isha jiko ni la mafuta. Kisha omba jambo moja mahsusi kwa kila mtu. "Nisaidieni" haina mwenyewe. "Baba Fulani, Jumanne wewe ndiye unayewalaza watoto" ina mwenyewe. Faida ya mwanzo ikipatikana, kitu kidogo kiingie nyumbani kwa jina la biashara, walau samaki mzuri wa Ijumaa. Watu huilinda kazi wanayoonja matunda yake.

Hatua ya 5: Uza kwa oda, siku moja

Kinachomaliza muda wa mfanyabiashara mdogo ni kupeleka chupa moja moja. Weka tangazo kwenye hali ya WhatsApp Jumamosi, funga oda Jumapili usiku, nunua nazi kwa hesabu hiyo, peleka Ijumaa baada ya sala. Mteja wa Unguja, kusanya oda zake zisafiri pamoja kwa boti. Na upokee malipo kabla, kwa simu, kwenye laini ambayo si ya matumizi ya nyumbani.

Hatua ya 6: Hesabu faida kwa saa

Mfano, na wewe utie bei za kwenu. Tuseme nazi 15 kwa Sh 800 ni 12,000, kukunisha 1,500, moto 1,500, chupa 1,000. Jumla 16,000. Nazi hizo zitoe takriban lita 1, uiuze 22,000. Kimebaki 6,000. Mikono yako imefanya kazi saa 3, basi saa yako ni 2,000.

Ukipika nazi 30, gharama ni 32,000 na mauzo 44,000. Kinabaki 12,000, lakini saa zako hazikuwa 6, ni kama 4, kwa sababu sufuria kubwa inakorogwa kwa mkono ule ule. Saa imekuwa 3,000. Ndiyo maana ni bora kupika mara moja kwa wiki kingi kuliko mara tatu kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Karatasi

Jina la biashara husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar. Ukitaka kuingia madukani na mahotelini, utahitaji ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar, na ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, kama mafuta ni ya kula. Usikimbilie kabla hujapata wateja wanaorudi, lakini usiogope pia. Mambo haya yafanye siku za likizo ya skuli, yote kwa mpango mmoja.

Hatua ya 8: Fuata kalenda yetu

Ramadhani kila nyumba inataka tui la futari, na nazi hupanda bei. Pika akiba mwezi wa Shaaban, kisha Ramadhani uza tu, jiko liache kwa futari na usiku uuache kwa ibada. Masika kuni zinakuwa mbichi, basi weka kavu mapema au panga hela ya gesi. Msimu wa karafuu Pemba hela huzunguka na watu hununua, lakini kama na wewe una mikarafuu ya familia, mikono yote itakuwa shambani. Zipike chupa za msimu huo kabla uchumaji haujaanza, uziandike kwenye daftari lile lile la hatua ya 1, na wateja uwaambie mapema kwamba oda mpya zitafunguliwa karafuu zikishaanikwa.