Kurekebisha patani ya blauzi ikukae sawasawa

Blauzi isiyokukaa mara nyingi haikuharibikia kwenye cherehani. Iliharibika saizi ya patani, yaani karatasi ya kukatia nguo, ilipochaguliwa. Wengi huzungusha tepu pale kifua kinapojaa, wakasoma namba, wakachukua saizi hiyo. Lakini patani nyingi za kununua huchorwa kwa mwili ambao kifua kilichojaa kinazidi kifua cha juu kwa takriban sentimita 5 tu. Ukizidi hapo, saizi hiyo itakupa mabega yanayoning'inia na shingo inayofunguka. Na bega ndilo gumu kuliko yote kurekebisha nguo ikishashonwa. Kwa hiyo chagua saizi ya kufuata bega, kifua ukiongeze mwenyewe kwenye karatasi.

Vaa sidiria utakayoivaa na nguo hiyo. Funga kamba tumboni, jipinde kushoto na kulia. Itakapotulia ndipo kiuno chako kilipo. Kifua cha juu hupimwa tepu ikipita chini ya makwapa, juu ya matiti, ikibana kidogo. Kilichojaa hupimwa kwenye ncha za matiti, tepu ikilala sambamba na sakafu mpaka mgongoni. Urefu wa mgongo huanzia mfupa unaochomoza chini ya shingo hadi kwenye kamba. Huo akupimie mtu mwingine, kwani ukijigeuza namba hubadilika.

Tuseme kifua cha juu ni sentimita 92 na kilichojaa ni 102. Jumlisha 92 na 5, unapata 97. Chukua saizi ambayo jedwali lake linasema kifua 96. Kufikia 102 zinapungua sentimita 6. Kipande cha mbele ni nusu ya mbele, kwa hiyo kila nusu inadai sentimita 3. Linganisha na jedwali, usilinganishe na karatasi yenyewe, kwa sababu karatasi tayari imeongezewa nafasi ya kupumua: kwa kitambaa kisichovutika, blauzi huhitaji sentimita 5 hadi 10 zaidi ya mwili.

Sahihisha urefu kwanza. Kunja au panua patani kati ya kwapa na kiuno, mbele na nyuma kwa kiasi kilekile. Ukipunguza kwenye pindo, kiuno cha nguo kitabaki chini ya kiuno chako.

Sasa kifua. Nakili kipande cha mbele, cha asili kibaki kizima. Jiwekee karatasi mwilini, tia alama penye ncha ya titi. Kutoka kwenye alama chora mistari mitatu: mmoja ushuke hadi chini sambamba na mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), wa pili upande hadi theluthi ya chini ya tundu la mkono, wa tatu upite katikati ya dati ya ubavuni, yaani kunjo la pembetatu linaloshonwa ili nguo ifuate umbo la mwili. Kata kuanzia chini hadi kwenye alama, endelea na mstari wa pili, usimame milimita moja kabla ya mshono wa tundu la mkono. Hiyo milimita ndiyo bawaba. Kata mstari wa tatu kutoka ubavuni, nao uachie milimita moja penye alama. Sukuma ubavu nje mpaka mkato wa wima uachane sentimita 3, kingo zikiwa sambamba kuanzia kwenye alama hadi chini. Dati itapanuka yenyewe, na huko ndiko titi litakapopata nafasi yake. Ubavu utakuwa umeshuka kuliko katikati. Kata kipande cha katikati kimlalo, kishushe mpaka chini palingane, kisha bandika karatasi kwenye mianya.

Ncha ya dati iishie sentimita 2.5 kabla ya ncha ya titi, la sivyo kifuani patachomoza kinundu. Kunja dati kama itakavyoshonwa, kunjo likielekea chini, ndipo ukate ukingo wa ubavu. Ukikata dati ikiwa wazi, ukija kuikunja utakuta ukingo umepungua hapohapo. Kiuno nacho kimeongezeka sentimita 3 kila nusu. Usipozihitaji, zimeze kwa dati ya kiuno.

Shona nguo ya majaribio kwa kitambaa cha marekani au shuka kuukuu. Acha sentimita 2.5 za mshono ubavuni na mabegani, chora mistari ya katikati, kifua na kiuno, halafu piga bandi (mishono mirefu ya muda kwa mkono) au tumia hatua ya mshono ya milimita 4 ili kufumua kuwe rahisi. Ivae, simama kawaida, usome mikunjo. Mkunjo uliokazika unaomba kitambaa. Uliolegea una kitambaa cha ziada. Mikunjo iliyokazika kutoka ncha ya titi kwenda ubavuni inasema kifua bado kidogo. Iliyolegea kutoka shingoni kwenda kwapani ni ya bega lililoteremka: shusha ncha ya nje ya bega nusu sentimita hadi moja, ukishusha na sehemu ya chini ya tundu la mkono kwa kiasi hichohicho.

Hapo kwenye tundu la mkono ndipo nguo nyingi nzuri zinapopotea. Likibana, mtu huchukua mkasi akachimba chini. Kubana kunaisha, lakini ukinyanyua mkono blauzi nzima inapanda nao, kwa sababu kwapa la nguo liko mbali na kwapa lako. Tazama kwanza kama kinachobana ni mbele ya kwapa. Hapo punguza milimita 5 kwenye ukingo wa mbele wa tundu tu, chini pabaki palipo. Kisha pima upya kichwa cha mkono wa blauzi, ule ukingo wa juu uliopinda unaoshonwa kwenye tundu: kizidi mzingo wa tundu kwa sentimita 2 hadi 4. Pamba nyepesi iliyofumwa kwa kubana haimezi zaidi ya 2, itafanya marinda begani.

Ikishakukaa, fumua marekani, ilaze juu ya patani na hamisha kila alama. Kitambaa chenyewe ukifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, kwani pamba inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita.