Kinasa data kikionyesha volti zisizokuwepo

Maltimita inasoma 12.6 kwenye nguzo za betri ya sola, kinasa data, kifaa kinachorekodi vipimo, kinaandika 13.4. Usikimbilie kununua kadi mpya ya kusomea volti. Mara nyingi kadi ni nzima, na kasoro iko kwenye waya, kwenye ardhi au kwenye volti rejea, yaani volti ambayo kadi hulinganishia vipimo vyake.

Chomoa waya za chaneli (njia ya kuingizia kipimo) inayosumbua, kisha unganisha tundu lake na GND, yaani ardhi ya kadi, kwa kipande kifupi cha waya. Chaneli inapaswa kusoma sifuri, au milivolti chache tu. Baada ya hapo weka betri kavu ya volti 1.5 ambayo umeshaipima kwa maltimita. Namba zikikubaliana, iache kadi, fuata waya.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni chaneli tupu. Kadi nyingi zina kigeuzi kimoja cha kubadili volti kuwa namba, kinachozisoma chaneli zote kwa zamu, na kapasita ndogo iliyo ndani hubaki na chaji ya chaneli iliyotangulia. Chaneli ya kwanza ikiwa na volti 3.3, ya pili isiyo na kitu inaweza kuonyesha 3.1. Huo si ubovu. Zifunge chaneli tupu kwenye GND, au ziondoe kwenye programu.

Chaneli yenye sensa nayo ikiiga jirani yake, ukinzani wa chanzo, yaani wa kile kinacholeta volti kwenye chaneli, ni mkubwa mno, kapasita haipati muda wa kujaa. Kwa Arduino Uno, kadi ndogo ya kuprogramu, chanzo kisizidi kilo-omu 10. Kigawa volti (resista mbili zinazopunguza volti za betri) cha kilo-omu 100 na 22 kina ukinzani wa kama 18, kwa hiyo kinapitiliza. Weka 30 juu na 7.5 chini: ukinzani unashuka hadi 6, na betri ikiwa na volti 14.4 kadi inapata 2.88. Ongeza kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya tundu la kusomea na GND.

Sasa ile 13.4. Arduino Uno hulinganisha kila kitu na volti 5 zinazoiendesha, isipokuwa umeiagiza vingine. Waya mwembamba wa USB ukiifikishia 4.7, kila usomaji unapanda kwa asilimia 6 na kidogo, na 12.6 inageuka 13.4. Utaitambua kwa sababu sifuri inabaki sifuri, ila kosa linakua kadiri volti zinavyopanda. Pima pini ya 5V, uandike thamani halisi kwenye programu. Bora zaidi ni kufunga chipu ya volti rejea ya 4.096 kwenye AREF, pini ya kuingizia volti rejea. Amri ya analogReference(EXTERNAL) itangulie usomaji wowote, la sivyo unaweza kuiua kadi.

Kwa themokapo (sensa za joto) za makaushio ya chai, zile zisizogusa chuma cha mtambo, zinazosomwa kwa waya mbili za chanya na hasi, funga resista ya kilo-omu 10 hadi 100 kutoka hasi kwenda GND. Bila njia hiyo volti zinaelea, na namba zinapanda hadi kugota kikomo.

Namba zikitikisika, chomoa chaja ya kompyuta ya mpakato, ifanye kazi kwa betri yake. Zikitulia, umeme unazunguka kati ya ardhi mbili: weka kitenganishi cha USB, na ganda la chuma linalokinga waya ndani ya kebo lifungwe ardhini upande mmoja tu. Mtikisiko uliobaki wa hezi 50 uondoe kwa kuchukua wastani wa milisekunde 20, au 100.

Huku Mufindi na Njombe kuna adui mwingine: ukungu. Usomaji ukipotoka alfajiri na kunyooka jua likipanda, fungua boksi uangalie skrubu za terminali. Kutu ya kijani na utando wa maji kati ya terminali mbili hupitisha umeme kidogo, lakini unatosha kuharibu usomaji wa chaneli yenye ukinzani mkubwa. Zima mtambo kwanza. Sugua kwa mswaki na spiriti ya isopropili, acha pakauke kabisa, kata ncha za waya zilizooza, weka pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Kebo ziingilie chini ya boksi, zikiwa zimepindishwa ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu la kuingilia.