Kufunga kiyoyozi cha spliti kwenye nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Kiyoyozi cha spliti kina mashine mbili, ya ndani na ya nje, zilizounganishwa kwa mabomba. Fundi aliyezoea nyumba za bloku akiingia nyumba kongwe ya Unguja huharibu vitu viwili: ukuta na njia ya maji. Ukuta wa hapa una unene wa sentimita 50 hadi 60, pengine zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na katikati yake mara nyingi mna kifusi tu.

Kabla ya kutoboa popote, pita Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe uulizie kibali. Mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mashine iliyoning'inizwa juu ya uchochoro si jambo dogo.

Vyumba vingi ni vyembamba, kama mita 3, kwa kuwa upana umefuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa chumba cha mita 3 kwa 6, mashine ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) ya inveta, yaani inayojipunguzia kasi yenyewe, inatosha. Usikimbilie 18,000 kwa sababu dari liko juu: mashine kubwa hupoza upesi na kupunguza kazi kabla hewa haijakauka, na kuta hizi zina unyevu wake tayari. Matokeo ni ukungu. Ziba kwanza mianya ya madirisha kwa fremu ya kioo upande wa ndani, bila kugusa mbao za zamani.

Sasa tundu la kupitishia mabomba. Shuka angalau sentimita 40 kutoka dari, maana vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta pale juu. Maji yakivifikia vinaoza, na boriti ikioza kichwa, sakafu ya juu haina pa kushika. Tangulia na biti ndefu ya milimita 12 mpaka itokeze nje, kisha fuata na biti ya duara ya milimita 70, nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje. Zima nyundo ya drili. Ukigonga, kifusi kinaporomokea tunduni na plasta ya upande wa pili inabanduka kipande kizima. Pitisha bomba la PVC la milimita 63, upande wa nje uwe chini kwa sentimita 1 hadi 1.5. Pembeni jaza chokaa na mchanga, 1 kwa 3. Saruji usitumie: inazuia ukuta kupumua, chumvi inajikusanya, na plasta ya jirani inaanza kudondoka.

Mashine ya ndani usiitundike kwenye plasta. Gonga kwa vidole; ikilia tupu, pale haifai. Funga kwanza ubao mgumu kwa nondo nne za uzi zilizogandishwa kwa gundi ya kemikali hadi kwenye jiwe, halafu bati la mashine juu yake. Boliti za kutanuka hupasua matumbawe.

Ya nje ikae juu ya paa tambarare au uani, juu ya vipande vya zege na mipira. Ua uliozingirwa pande nne ukiwa mdogo, chagua paa, la sivyo mashine itavuta hewa yake yenyewe ya moto.

Mabomba ni ya robo inchi na ya inchi 3/8, kila moja na sponji yake. Bomba lisilovishwa ndani ya ukuta hutoa jasho, na doa likitokea utadhani paa linavuja. Pima uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, kisha vuta vakyumu (toa hewa yote mabombani) hadi maikroni 500 kwenye geji, funga, ngoja dakika 10 uone kama sindano ya geji inapanda. Usisafishe mabomba kwa kuachia gesi ya kupozea, hasa ile ya aina ya R32, ambayo huweza kuwaka.

Umeme: waya wa milimita za mraba 2.5 mpaka kwenye breka yake peke yake, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iliyopimwa. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi ya kuaminika. Ongeza kilinda umeme kinachochelewa dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha umeme.

Kabla ya kufunika, mimina lita moja ya maji kwenye trei ya ndani na usimame nje. Yasipotoka yote, rekebisha mteremko siku hiyo hiyo. Mpira wa maji uishie kwenye mfereji au ndoo, kamwe usiishie ukutani wala njiani. Karibu na bahari, osha mapezi ya mashine ya nje kwa maji matamu kila mwezi.