Namna ya kutuliza sehemu zinazozunguka katika Kerbal Space Program yenye modi

Mwongozo huu unawahusu wachezaji wa Kerbal Space Program (KSP), mchezo wa kompyuta wa kujenga na kurusha vyombo vya angani, hususan wenzangu wa Mtwara na Lindi tunaopeana modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, kwa flashi ili kuokoa bando, ambao vyombo vyao hutetemeka, hupinda au husambaratika mara tu sehemu inayozunguka inapowashwa. Rota, bawaba na pistoni ziliingia rasmi katika mchezo kupitia nyongeza ya Breaking Ground ya Mei 2019. Kabla ya hapo wengi walizipata kwa modi ya Infernal Robotics, na wapo wanaoipendelea hadi leo.

Kabla ya kutafuta tiba, hakikisha unachokiona ni hitilafu kweli. Helikopta yenye rota moja ikigeuza kiwiliwili chake kinyume na mzunguko wa rota, mchezo haujakosea, kwa kuwa nguvu inayozungusha rota lazima irudi kwenye kiwiliwili. Weka rota ya pili inayozunguka upande wa pili, au rota ndogo mkiani. Hitilafu ina dalili zake: mtetemo unaozidi kukua badala ya kufifia, ufa unaotokea kati ya kitako cha rota na kichwa chake, au mkono uliokuwa umenyooka ambao unakutwa umehama nafasi yake kila mchezo unapofunguliwa upya. Vilevile usichanganye hitilafu na uchovu wa kompyuta. Katika joto la Desemba hapa pwani kompyuta mpakato hupunguza kasi yake yenyewe, na saa iliyo juu kushoto mwa skrini hutoka kijani kuwa njano. Hapo mchezo unakwenda polepole tu, lakini hesabu zake hazijaharibika.

Chanzo kikuu cha matatizo ni namna mchezo unavyokokotoa mwendo. Injini yake, Unity, haifuatilii mzunguko mfululizo, bali hupiga hesabu kila baada ya sekunde 0.02. Rota za Breaking Ground hufikia mizunguko 460 kwa dakika, ambayo ni nyuzi 2,760 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya hesabu moja na inayofuata bapa, yaani panga la rota, limeshasogea nyuzi 55. Ukiharakisha muda mara 4 huku fizikia ikiendelea kufanya kazi, kila hatua hurefuka hadi sekunde 0.08 na bapa huruka zaidi ya nyuzi 220, yaani zaidi ya nusu ya duara. Kiungo kinachokokotolewa kwa mruko wa namna hiyo hakiwezi kutulia. Kwa sababu hiyo, usiharakishe muda kwa njia hii wakati rota inazunguka. Uharakishaji wa kawaida wa angani husimamisha fizikia kabisa, hivyo punguza mwendo wa rota hadi sifuri, ifunge, ndipo uharakishe.

Uzito nao unastahili uangalifu mkubwa. Kwa mizunguko 460, kipande kilicho mita 1 kutoka kwenye mhimili huhitaji mchapuko wa takriban mita 2,320 kwa sekunde mraba kuelekea katikati, zaidi ya mara 230 ya mvutano wa Dunia. Maana yake ni kwamba kilo 10 tu za ziada upande mmoja huvuta mhimili kwa kani inayozidi uzito wa tani 2, na chombo hutikisika kama pangaboi lenye panga lililopinda. Tumia ulinganifu wa mchezo wenyewe unapoweka mabapa, badala ya kuyabandika moja moja kwa jicho. Epuka pia kuweka kipande chepesi kati ya vipande viwili vizito sana, kwani injini ya mchezo hushindwa kusawazisha kiungo cha aina hiyo hata kama hakizunguki. Ukilazimika, chagua rota kubwa zaidi kuliko unayodhani inatosha.

Baada ya hapo, zima SAS, yaani mfumo wa mchezo unaotuliza mwelekeo wa chombo, huku rota ikiendelea kuzunguka. Mtetemo ukikoma, basi SAS ndiyo iliyokuwa ikiupalilia kwa kusahihisha kila mtikisiko kwa kuchelewa kidogo. Hakikisha kipande unachoongozea chombo kipo upande usiozunguka, maana SAS ikipokea mwelekeo kutoka kwenye kipande kinachozunguka itapambana na chombo chote bila kikomo.

Otostrati, yaani fito za kukazia zisizoonekana, husaidia sana zikitumiwa kwa kiasi. Katika upande unaozunguka, kaza kila kipande kwa kile kilicho hatua mbili nyuma yake, na uepuke chaguo la kukaza kwa kipande kizito kuliko vyote au kwa kipande cha mzizi, yaani kile ambacho chombo kizima kimejengwa juu yake, kwa kuwa mara nyingi hivyo viko ng'ambo ya kiungo. Kwa Infernal Robotics hasa, ufito unaovuka kiungo hukikamata kisizunguke, au hukivunja.

Kuhusu mkono unaohama nafasi yake, tatizo hilo limo ndani ya mchezo wenyewe, na modi ya KSP Community Fixes ina marekebisho yake. Inahitaji modi nyingine mbili za msingi, Harmony na Module Manager. Sisi tunaonakili kwa flashi tuna hatari ya ziada: ukimwaga folda mpya juu ya ya zamani ndani ya GameData, folda ya mchezo inayowekewa modi, mafaili ya toleo la zamani hubaki na matoleo mawili hugongana. Futa folda ya modi husika kwanza, kisha bandika mpya. Kabla ya jaribio lolote hifadhi mchezo kwa F5, hasa kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Ikiwa bado chombo kinatikisika, jenga chombo kitupu chenye kitako, rota na mabapa mawili tu, kisha ongeza kipande kimoja baada ya kingine na ukijaribu kila mara, hadi hitilafu itokee. Chombo hicho kidogo, pamoja na faili la KSP.log na orodha ya modi zako na matoleo yake, ndivyo mtengenezaji wa modi atakavyovihitaji ili aweze kuiona hitilafu hiyo kwenye kompyuta yake.