Somo: Kuhamisha jicho katika fremu ya Rear Window

Ukinakili fremu ya filamu bila kujiuliza nani anatazama, unaishia kumchorea mwongozaji kazi yake mara ya pili. Nimechagua Rear Window ya Alfred Hitchcock (1954). Mpiga picha aliyevunjika mguu amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anawachungulia majirani kwa lenzi ndefu, na karibu filamu nzima tumefungiwa naye chumbani. Binti mcheza dansi wa dirisha la ng'ambo kabandikwa jina Miss Torso, yaani kiwiliwili!

Andaa karatasi, penseli ya 2B, mkaa wa kuchorea na raba.

1. Sitisha filamu binti anaponyoosha viungo. Chora kwa dakika 5, maumbo matupu. Usirembe.

2. Mwanamume hayumo kwenye fremu hiyo, lakini kila mstari unamtii: dirisha limekatwa kwa kipimo cha macho yake. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliitaja filamu hii mwaka 1975 alipoandika kwamba sinema humpa mwanamume kutazama na mwanamke kutazamwa. (Mimi namkubali nusu, huyu mwanamume hata kusimama hawezi.) Chora mshale kutoka aliko yeye hadi kwa binti.

3. Karatasi mpya. Sasa umesimama nyuma ya binti. Mgongo wake ujaze karatasi, na mwanamume awe mdogo kama ukucha.

4. Chumba cha mwanamume kipake mkaa chote, kisha toa kwa raba nukta moja nyeupe: lenzi. Kumbuka Thorwald, jirani muuaji, anapoinua macho na kumtazama mchunguliaji. Jasho linatutoka sisi pia, maana tulikuwa tunachungulia naye.

Maswali

— Mwalimu, nimemchora binti akimkodolea macho kwa hasira. Nimekosea?
Hujakosea, ila hasira hiyo bado inamzunguka mwanamume. Mchore akikaanga yai, hana habari naye.

— Filamu za Bongo je?
Tena zinafaa. Tafuta mama mkwe yuko kwenye sofa, mkamwana kapiga magoti. Wote wanawake. Kamera iko kwenye kimo cha nani?

— Mkaa wa jikoni unafaa, dada?
Unakwaruza karatasi, mdogo wangu. Tumia penseli ya 6B.